Sauti Nyuma ya Ukuta wa Ngome

Getrude alipoitika "Bee, baba," mama yake alisimama ghafla. Mtoto yule alizoea kumjibu kila mtu kwa Kiswidi. Tena baba yake, Ladislaus, walikuwa wamemzika Sundbyberg majira ya baridi ya mwaka ule wa 1974.

Walitoka Stockholm asubuhi pamoja na Severin, mdogo wa marehemu, kwenda kutazama ngome ya kale iliyobomoka juu ya bonde la mto. "Shemeji, utaozea ndani kwa kulia," Severin alimwambia Theresia, mama yake Getrude. "Twende ukaone nyumba mbovu kuliko yako."

Sasa hakutania tena. "Umesikia?"

"Nasikia harufu," Theresia alinong'ona. Ilikuwa ya nywele zilizoungua, na upepo haukuwapo.

Kisha wote wakasikia. Sauti ya Ladislaus, na kile kikohozi chake kidogo, ilitoka ng'ambo ya ukuta uliokatika, mahali pasipo na sakafu, ila mto tu chini kabisa.

"Getrude. Njoo, mwanangu."

Kwao Bukoba mtoto hufundishwa mapema asimwitikie mtu asiyemwona. Theresia hakumfundisha binti yake. Alidhani majini hayafiki Uswidi.

Getrude akakimbia. Severin akamdaka kiuno, lakini mtoto yule wa miaka sita akamburuta, mtu mzima akichimba majani kwa visigino, na harufu ikawajaa kooni, na sauti ikazidi kubembeleza, taratibu, kama ya baba amwitaye mwanawe mezani, na ukingo ukazidi kuwakaribia.

"Mkane, shemeji," Severin alihema. "Wewe ndiwe mke. Mkane."

Theresia alishika rozari. Tangu mazishi alikuwa akimwomba Mungu amjalie kuisikia sauti ya mumewe walau mara moja.

"Mume wangu nilimzika kwa sala," alisema polepole. "Wewe sikujui. Kwa jina la Yesu, mwache mwanangu."

Kitu kikacheka nyuma ya ukuta. "Namwacha," kikasema. "Lakini sauti hii naondoka nayo."

Mtoto akalegea mikononi mwa Severin, akaanza kulia.

Jioni, mtoto alipolala, Theresia alipiga magoti, akajaribu kukumbuka jinsi Ladislaus alivyokuwa akianza Baba Yetu. Aliiona midomo yake ikicheza, wazi kabisa. Hakusikia neno.