Ng'ombe wa Nyamburi

Kila Jumatano masomo yakiisha, Getruda alikimbilia chumba cha kompyuta cha shule yao, pale Buhare, awahi kiti cha dirishani. Klabu yao iliandika kurasa za msaada za programu huria ya kutunza kumbukumbu za mifugo. Programu hiyo ni ya bure, na maelezo yake huandikwa na watumiaji wenyewe kwenye wiki, yaani tovuti ambayo kila mwanachama anaweza kuiongezea maelezo na kuirekebisha.

Juma lililopita Getruda aliweka ukurasa wa kutambua ng'ombe kwa rangi zao, wenye michoro sita ya kupendeza. Tatizo ni kwamba hakuichora yeye. Ilichorwa na binamu yake wa Bunda, Nyamburi, wakati wa likizo kwa babu yao, naye Getruda akaipiga picha kwa simu ya mama. Kabla ya kuihifadhi, tovuti ilimtaka akubali maneno haya: "Hii ni kazi yangu mwenyewe. Naruhusu mtu yeyote aitumie, aibadilishe na kuisambaza, mradi ataje jina langu." Hiyo ndiyo leseni. Getruda alibonyeza "Nakubali" haraka haraka, kama mtu anayefukuza nzi.

Leo Madam Dorah, mwalimu wa klabu, aliingia akitabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Getruda, michoro yako imeshaingia kwenye mwongozo wa Kihispania. Na Ijumaa wageni wetu wanatoka Bunda. Utawaonyesha mwenyewe."

"Shule ile niliyokwambia, ya binamu yangu, Madam?"

"Hiyohiyo."

Wenzake wakampigia makofi.

Walipogeukia kompyuta zao, aliufuta ukurasa wote, akashusha pumzi. Kumbe amefurahi bure. Kabla kengele haijalia, ukurasa ulikuwa umerudi, na mtu wa nchi asiyoijua ameandika kwa upole: "Kazi nzuri hii imefutwa kwa bahati mbaya. Nimeirudisha." Akafuta tena. Ukarudi tena, na mtu yule bado mpole. Getruda alitamani angalau atukanwe.

"Unahangaika nini?" aliuliza Jofrey, jirani yake.

"Haufutiki."

"Wiki haisahauga. Kila kitu kinabaki kwenye historia yake. Kwani unafuta wa nini, na umesifiwa?"

Getruda akaugeukia tena ukurasa. Akinyamaza, Nyamburi atakuta ng'ombe wake wana jina la mtu mwingine, mbele ya shule mbili. Akisema, aibu ni yake. Hakuona pa kutokea. Wenzake walipoondoka, alimfuata Madam akasema yote huku analia.

Madam Dorah hakufoka, na hilo lilimtisha zaidi. "Ulijiamulia kuiweka," alisema. "Sasa ataamua mwenye michoro." Akampa simu.

Getruda alimwamkia shangazi yake, mama yake Nyamburi, akaomba kuongea na Nyamburi. Nyamburi alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwaga namchorea babu," alisema. "Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, nilitaka awaone ng'ombe wake wakubwa wakubwa. Ungeniomba, ningekupa."

"Nisamehe, dada. Ukisema, wasimamizi wa wiki wataitoa."

"Basi waitoe."

Getruda aliwaandikia wasimamizi wa wiki ukweli wote, akaweka jina lake chini. Kesho yake michoro iliondolewa, hata kwenye mwongozo wa Kihispania.

Ijumaa Nyamburi aliukuta ukurasa una maneno na nafasi sita tupu. Aliisoma leseni polepole, mstari kwa mstari.

"Jina langu litakaa?"

"Popote michoro itakapokwenda," alisema Madam.

Nyamburi akafungua begi, akatoa michoro yake. Aliipiga picha mitano kwa simu ya Madam, akaiweka kwenye ukurasa, akabonyeza "Nakubali" kwa kidole chake mwenyewe. Wa sita akaurudisha begini.

"Huyu ni wa babu peke yake," alisema.

Madam Dorah akawageukia wanaklabu. "Mmeona? Chako unaweza kuigawia dunia nzima, na ni jambo zuri. Cha mwenzako huwezi kumgawia hata jirani kabla hujamwomba mwenyewe."

Jumatano iliyofuata, yule mtu mpole aliandika tena: "Nafasi ya sita iko tupu. Niwatafutie ile picha ya zamani?"

Getruda akajibu mwenyewe: "Hapana, asante. Mwenyewe hajaigawa."