Meno Mawili Juu ya Paa

Jumamosi hiyo nilikuwa uani nafua, hapa kwetu Kaloleni, jua limetulia na nguo karibu zimekwisha. Binti yangu Kathini alikaa mlangoni akilisukuma jino lake la mbele kwa ulimi. Baba yake, Ngui, ndipo alipoingia akitoka Pwani, na uso wake ulinieleza yote kabla hajavua viatu.

Ngui ni mchongaji. Vinyago vyake huviuza Pwani, na huko ndiko alikopatia wazimu wa meno ya papa. Si papa wa leo. Ni wa kale mno, meno yamegeuka mawe, meusi tititi, na bahari ikipwa yanabaki mchangani. Ukiokota zima unalitoboa, unapata kidani cha maana. Lakini Ngui hakuwahi kuokota zima, miaka nenda miaka rudi. Niliwahi kumsindikiza, nikajuta. Mwanamume mzima ameinama kutwa, anachakura ufuo kama kuku, na kila anachoinua kimevunjika ncha au mzizi. Ukimwambia twende tukale, anakufokea. Aki nilichoka na yule mtu!

Basi akabwaga mfuko wake chini. "Vipande! Vipande tena, Mama Kathini!"

Papo hapo jino la mtoto likang'oka. Kathini akaruka kwa furaha, akafanya wanavyofanya watoto wote hapa: akalirusha juu ya mabati ya jikoni. "Chukua la zamani, niletee jipya!"

Ngui akacheka kwa hasira. Akachomoa kipande kimoja mfukoni, akakirusha palepale. "Na mimi chukua bovu, niletee zima!"

"Wee, hayo ni ya watoto!" nilimgombeza. "Mtu na ndevu zake hachezi nayo."

Tulivisikia vikibingirika juu ya mabati, vyote viwili. Tukangoja vianguke. Havikuanguka.

Kesho yake, tukitoka kwenda kanisani, Ngui alikanyaga kitu kizingitini. Jino. Jeupe, dogo, limelowa, na mzizi wake. La mtu.

"Ala! Naomba la papa, naletewa la mtu?" Akalitupa kwenye pipa la taka. Nilidhani ni utundu wa watoto wa jirani. Jumatatu pipa likazolewa.

Pengo la Kathini halikuota kitu kwa wiki nyingi. Halafu asubuhi moja namsugua meno, mswaki ukakwama. Nikamwambia apanue mdomo. Ufizi umepasuka. Kitu kinachungulia.

Cheusi.

Nikakigusa. Kikanikata kidole.

Woi, Ngai, Mungu wangu! Ndipo nilipoelewa. Aliyepokea kule juu alichanganya. Jipya la mtoto alimpa baba, na zima la baba alimpa mtoto. Ngui alikimbilia jalalani kutafuta lile jeupe, akainama kutwa nzima vilevile anavyoinama ufuoni. Akarudi mikono mitupu.

Daktari wa meno aliling'oa akitokwa jasho. Likagonga kisahani cha chuma. Jeusi, lina ncha, lina mzizi. Zima kabisa.

Nikamtazama Ngui nikitarajia machozi. Alikuwa anatabasamu, jino ameshalitia mfukoni.

"Litupe," nilimwambia tulipofika nyumbani.

"Nitalitupa," alinong'ona.

Hakulitupa. Baada ya siku chache nililiona shingoni mwake, limetobolewa na kutiwa kamba. Niligomba mpaka sauti ikakauka. Ni kama naongea na ukuta.

Juzi mchana natoka gengeni, nyanya mkononi, nawakuta mlangoni. Kathini amepakatwa na baba yake.

"Panua mdomo, mama," Ngui anamwambia polepole. "Baba aone."

Nikaziangusha nyanya. Nikamnyakua mtoto. Damu ilikuwa imemchuruzika kidevuni, na pengo lilikuwa jipya.

"Halikuwa hata likicheza, mama," Kathini alilia.

Ngui alikunja ngumi yake akaificha nyuma.

Nilimbeba mtoto kama alivyo mpaka mtaa wa Tassia, kwa dada yangu Kavinya, ghorofa ya nne, juu kuna zege tupu, hakuna bati. Nikadhani hapo tumepona. Jana Nangila, jirani yetu wa Kaloleni, akanipigia simu.

"Mama Kathini, mzee wako ana nini? Amerusha vitu viwili juu ya mabati ya jikoni. Sasa ameinama kizingitini, anatafuta. Nimemsalimu, hata hainuki."

Nilikata simu.

Leo asubuhi nimetandika kitanda cha Kathini. Mto wake umejaa mchanga. Mchanga mweupe, wa bahari, bado umelowa.

"Mama," ananiambia, mkono mdomoni, "kuna kitu kinanikuna."

Sijamwambia apanue. Siwezi. Ngui ana mfuko mzima wa vile vipande, na mtoto wangu bado ana meno mengi ya utotoni.