Ndani ya Zindiko

Kiangazi kilikuwa kimekikausha kijiji cha Kakese hata majani ya mihogo yakajikunja, lakini chumba cha Kabula kilinuka udongo uliolowa mvua. Alifagia, akafukiza, akaanika godoro juani, harufu haikuondoka.

"Labda panya kafia darini," alisema shemeji yake, Malale, bila kuinua macho kitabuni.

"Panya wa kwenu hunuka mvua?"

Malale alicheka. Alikuwa amerudi kwa kaka yake, Nyanda, mume wa Kabula na mchimbaji wa dhahabu, kujiandaa na mtihani wa marudio wa topolojia, elimu ya maumbo yanayovutwa na kukunjwa pasipo kuchanwa. Akishindwa tena, chuo basi. Kitabu chenyewe kilikuwa kikuukuu, kizito kama tofali, na kila ukurasa ulimtoa jasho.

Kisha ikaja sauti. Adhuhuri moja, Kabula akiwa kisimani, Malale alisikia mwanamke akibembeleza mtoto chumbani kwa wimbo usio na maneno. Alipochungulia, Prisila, kichanga wa Kabula asiyeota jino, alikuwa peke yake kitandani, akiitazama sakafu na kucheka. Tangu hapo mtoto akakataa ziwa la mama. Akawa anakonda, na bado anacheka.

Nyanda akamwita mganga, Mama Nyanzala. Ndiye aliyeuzindika mji huo baada ya mtoto wao wa kwanza kufariki: alimwaga dawa ardhini kulizunguka boma lote, jini lisiweze kuvuka. Sasa aliukagua mstari wake akiwa ameinama, mpaka akarejea alipoanzia.

"Haujakatika," alinong'ona. "Lakini kitu kimo ndani. Sijui kimepita wapi."

Malale akakifunua kitabu chake. Kitabu kilisema hivi: juu ya uwanja tambarare, mzunguko uliofungwa hutenga ndani na nje, na hapiti mtu asiukate. Lakini uwanja ukiwa na mkono kama wa kikombe, au handaki chini yake, mtu anaweza kuingia humo upande mmoja na kutokea wa pili, mzunguko usiguswe.

"Kaka," alisema polepole, "umechimba wapi?"

Nyanda akaitazama miguu yake. "Chini ya kitanda, nikafunika kwa mbao na udongo. Nilikuta mwamba wenye dhahabu, nikaufuata mpaka nikatokea kwenye lile shimo la zamani, kule bondeni nje ya boma. Sikutaka wachimbaji wenzangu wajue."

"Na mwanangu unamlaza juu yake," alisema Kabula.

Mganga akainua mkono. "Ngojeni. Nikiite kwanza kitoke."

"Mama, tukiziba tu, mstari wako utafanya kazi," Malale akajibu, tayari ameshika sururu. "Jambo hili limethibitishwa."

Wakaziba kwa mawe na udongo, wakashindilia. Harufu ikakatika. Kwa mara ya kwanza Malale aliona kitabu kimemtii.

Jua lilikuwa linashuka wimbo ulipoanza tena, si chini ya sakafu sasa bali katikati ya nyumba, ukapita jikoni na vyungu vikatetemeka, ukapita zizini na ng'ombe wakajikusanya pembe kwa pembe, ukalizunguka boma kwa ndani kama mtu apapasaye ukuta gizani akitafuta mlango, ukarudi, ukaingia chumbani alimolala Prisila, na humo ukanyamaza. Ndipo Malale alipoelewa kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, kwamba sasa ndani ni ndani na nje ni nje, na aliyeingia hana tena pa kutokea.

Akamnyakua mtoto, akakimbia. Kabula, aliyetangulia, aliuvuka mstari. Mguu wa Malale nao ukavuka. Lakini Prisila, kifuani pake, akagota kwenye hewa ngumu kama ukuta.

"Shemeji, nipe mwanangu," Kabula alisihi, mikono ameinyoosha.

"Hapiti."

Prisila akaacha kucheka. Akageuza shingo taratibu, akamtazama, na kile kinywa kisicho na jino kikatamka kwa sauti ya mwanamke mtu mzima, tena kwa adabu:

"Baba mdogo, njia yangu umeiziba. Sasa nikae wapi, kama si humu?"