Mkono Uliozoea Kuziba

Kila siku, kabla filimbi ya reli haijalia, Wamalwa alikuwa tayari ameketi nje ya chumba chake katika lokesheni, mtaa wa Waafrika mjini Eldoret, jiko la makaa likiwaka kando yake. Kazi yake ilikuwa kuziba. Ndoo, birika, sufuria, chochote kilichovuja kililetwa kwake akakitia lehemu. Kisha alikijaza maji, akakiinua juu ya uso wake, akangoja. Tone lisipomwangukia, alitabasamu.

"Wewe, fundi, siku moja utaziba hata mvua," watu walimtania.

"Nileteeni ngazi," aliwajibu.

Hayo yalikuwa kabla ya Khisa kufa.

Khisa alikuwa mtoto wake wa pili. Alipozaliwa, Wamalwa alimkatia beseni la kuogea kutoka kwa debe la mafuta ya taa. Alilikunja midomo vizuri lisimkwaruze mtoto. Khisa alioga humo miaka miwili. Kisha macho yake yakakauka, yakapoteza mng'aro, na kila jioni alitembea akipapasa ukuta. Halafu surua ikapita lokesheni. Watoto wengine waliugua wakapona. Khisa aliugua siku tano tu.

Mama yake, Nanyama, alilitundika beseni ukutani. Hakuna aliyeligusa tena.

Jioni moja, miezi sita baadaye, Wamalwa alimwambia binti yake, "Namalwa, nipe koleo hilo."

Namalwa alikuwa na miaka sita. Aliinama, akaanza kupapasa chini kwa viganja vyote viwili.

"Liko wapi, baba?"

"Liko mbele ya miguu yako."

Mtoto aliendelea kupapasa. Wamalwa alivijua viganja vile. Aliviona kwa Khisa. Aliweka nyundo chini, na jioni ile hakuiinua tena.

Asubuhi Nanyama alimwita Mama Priscah, jirani kutoka Sugoi, aliyepima watoto kwenye zahanati ya misheni. Mama Priscah alimtazama Namalwa macho, kisha akauliza, "Mnakula nini hapa?"

"Ugali wa posho," Nanyama alisema.

"Na nini?"

"Na chumvi. Siku nyingine nyama kidogo."

"Mboga?"

Nanyama alicheka bila furaha. "Kwetu nilichuma saga nyuma ya nyumba. Hapa nyuma ya nyumba ni mlango wa mtu mwingine."

"Posho nyeupe inajaza tumbo, lakini macho hayapati chakula chake humo," alisema Mama Priscah. "Macho yanataka majani ya kijani. Saga, mnavu, mchicha. Uyapike na mafuta kidogo. Mtoto asiyepata chakula hicho anaanza kushindwa kuona jioni. Na surua ikimkuta hivyo, inamlemea."

Nanyama alitazama beseni ukutani.

"Kwa hiyo Khisa wangu..."

"Mama Namalwa, hukujua."

"Niite Mama Khisa. Jina hilo sikulizika."

Mama Priscah aliinamisha kichwa. "Mama Khisa, nisamehe. Mpeleke huyu zahanati leo, atapewa mafuta ya samaki. Lakini chupa ile itaisha. Mboga lazima zitoke hapa hapa."

Wamalwa aliruka juu kwa hasira. "Hapa wapi? Amri inasema hakuna kuchimba lokesheni. Ukisimama pale barabarani, ngano ya mzungu inaenda mpaka macho yachoke, na mimi sina mahali pa kupanda jani moja la mtoto wangu."

"Sijasema uchimbe. Nimesema upande. Una madebe mangapi ambayo wenyewe hawakurudi kuchukua?"

Siku hiyo hiyo walianza. Mama Priscah aliwaachia mbegu, akaenda kwao Sugoi kumwuguza dada yake. Wamalwa alibeba udongo kutoka kando ya mto Sosiani, na samadi kuukuu kutoka zizi la ng'ombe nje ya mji. Kwenye kiwanda kilichopasua mbao za magogo ya msitu wa Timboroa, aliomba mabanzi yaliyotupwa. Aliyasimamisha kando ya ukuta, akapata sanduku refu lisilo na kitako, akalijaza udongo juu ya ardhi ngumu ya murram. Likawa tuta.

Kisha akayageukia madebe. Mengine yalikuwa na matundu. Aliyaziba yote vizuri, moja moja, akajaza maji na kuyainua juu ya uso wake. Hakuna lililovuja. Nanyama akapanda.

Mbegu ziliota. Namalwa alizihesabu kila asubuhi. Lakini mvua ya Aprili ilipoanza, haikupumzika. Miche ya madebeni ikawa ya njano, kisha ikalala. Nanyama aling'oa mmoja. Mzizi ulikuwa mweusi, unanuka.

"Hata mche huu," alisema taratibu. "Hata jani halitaki kukaa kwangu."

Jioni ile Namalwa alijigonga mlangoni, na chupa ya zahanati ilikuwa imebaki robo.

Mama Priscah aliporudi, alisukuma debe moja kwa mguu. Maji yakasikika ndani.

"Nani ametengeneza haya?"

"Mimi. Hayavuji hata tone."

"Hilo ndilo kosa, fundi. Mizizi inapumua kama wewe. Maji yakituama, inazama. Tazama tuta lile la mabanzi. Maji yanapita chini, na saga imesimama. Toboa madebe."

"Nimekula miaka kumi kwa kuziba. Leo watu wanione natoboa?"

"Watakuona. Na Namalwa je, atakuona?"

Wamalwa alichukua msumari na nyundo. Alimwaga udongo, akatoboa kila debe matundu sita chini. Mama Priscah alimwonyesha kutia vipande vya matofali kwanza, kisha karai mbili za udongo kwa karai moja ya samadi iliyooza, na kuyainua madebe juu ya mawe ili maji yapate njia. Alipofika debe la mwisho, alilinusa.

"Hili lilikuwa la nini?"

"Dawa ya josho la ng'ombe. Nimeliosha kwa maji moto mara tatu."

"Hata mara mia. Sumu hiyo inaingia kwenye mboga. Lisiguse chakula kamwe."

Debe hilo likawekwa kando. Sasa miche ya saga na mnavu iliyosongamana tutani ilitaka kuhamishwa, na chombo kimoja kilipungua. Wamalwa alikuwa bado anatafuta kwa macho aliposikia kitu kikitolewa ukutani. Nanyama alitoka na beseni la Khisa.

"Toboa hili."

"Mama Khisa, hapana. Hili siwezi."

"Linashika kutu bure pale juu. Toboa."

Wamalwa aliweka beseni magotini. Alipitisha kidole kwenye ule mdomo alioukunja usimkwaruze mtoto. Kisha akapiga. Tundu la kwanza, la pili, la tatu. Nanyama alifumba macho kila nyundo iliposhuka, lakini hakumwambia aache. Yalipofika sita, alilipokea beseni, akatia matofali na udongo, akapanda mnavu kwa mkono wake mwenyewe.

Wiki zilipita. Walichuma majani ya nje, wakaacha moyo wa mche uendelee kuota. Namalwa alikula mboga kila siku. Majirani walikuja kuomba mbegu, na wengine walileta madebe yao.

"Fundi, nitobolee," walisema, wakicheka. Yeye hakucheka, lakini alitoboa.

Jioni moja alikuwa akitoboa debe, jua limekwisha zama, msumari ukamponyoka. Alipapasa chini, asiuone. Namalwa alikuwa ameketi karibu na beseni. Alinyanyuka, akatembea moja kwa moja, akainama mara moja tu.

"Baba, msumari wako huu hapa."

Wamalwa aliupokea. Aliusimamisha juu ya debe, akainua nyundo. Nanyama aliyekuwa mlangoni aligeuza uso wake ukutani, mahali palipokuwa pametundikwa beseni, akalia kwa muda mrefu.