Session ya Papa Wenceslas

Saa 12:40 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha kinyozi mmoja, Mangobo. Mlango umefungwa, redio imefunguliwa. Mbusa alipiga magoti akachora kwa chaki sakafuni: ukuta, ghala, ofisi, geti. Watatu walisimama kuizunguka ile chaki. Chai ilikuwa inapoa.

"Gunia makumi nane ya kakao," Mbusa alisema. "Leo iko salongo, usafi ya mutaa. Mpaka saa ine batu yote iko inje na jembe. Papa Wenceslas, chef wa dépôt, mukubwa wa ghala, pia. Ruphin?"

"Camion iko tayari," alijibu Ruphin, dereva wa Fuso.

"Joëlle?"

Joëlle alikuwa karani wa ghala lile. "Nilimwambia Papa machine inagonjwa. Alisema technicien akuje leo. Wapakiaji wa zamu watafikiri ni commande, oda ya kawaida."

"Sawa. Isaïe?"

Kila kitu kilimwangukia Isaïe, fundi wa kompyuta. Getini walikaa polisi wawili wenye bunduki, na hawakumfungulia mtu bila bon de sortie, karatasi ya kutolea mzigo yenye kodi, namba ya kuhakikishia, inayotolewa kwenye mtandao kutoka akaunti moja tu ya kompyuta ya ghala: session ya Papa Wenceslas. Neno la siri la mtandao hakulijua mtu, hata mzee mwenyewe. Isaïe ndiye aliyemfungia programu miaka miwili iliyopita, akaiambia mashine ilikumbuke. Mzee hubonyeza mara moja, basi.

"Dakika tano," Isaïe alisema.

"Ikipita tano?"

"Haitapita."

Mbusa alifuta chaki kwa kiatu. Alibeba magunia katika ghala lile miaka tisa, kisha wakamtupa kama gunia lililotoboka. "Mwaka jana mutu mumoja alinisaliti," alisema. "Muulizeni iko wapi."

Nje, Joëlle alimbana Isaïe vidole. Baleinière, mashua kubwa ya mbao, ingewangoja ukingoni mwa mto, Simi-Simi, iwateremshe wote hadi Yanonge. Kutoka hapo wangekwenda wawili tu, yeye na Joëlle, wakafunge ndoa mbali na macho ya watu. Isaïe hakuwa na njaa ya kakao. Alimtaka yule mwanamke, na ndiyo sababu pekee ya kuingia katika kazi hii.

Saa 2:20.

Ofisi ya ghala. Mbusa alivaa koti la msaidizi wa fundi na kofia iliyoshushwa hadi machoni asitambuliwe, bastola ndani ya mfuko wa nyaya. Dirisha la mbele lilimwonyesha Papa Wenceslas barabarani, suruali imekunjwa hadi magotini, akiwafokea majirani waliokuwa wanazibua mfereji. Dirisha la nyuma lilionyesha Fuso la Ruphin na wapakiaji wenye magunia mgongoni.

Isaïe aliingia kwenye session ya mzee. Akabonyeza programu ya mtandao.

Kisanduku kidogo kikatokea, kusema kumbukumbu za session hazipatikani. *Profil introuvable ou inaccessible.*

Akabonyeza tena. Kisanduku kilekile.

"Nini?" Mbusa aliuliza.

"Kitu kidogo."

Saa 2:45.

Hakikuwa kitu kidogo. Aliizima mashine akaiwasha. Wapi! Akaingia session ya Joëlle: programu ikafunguka kufumba na kufumbua, mtandao ukapita kama maji. Akarudi kwa mzee: kisanduku. Kompyuta moja, waya mmoja, programu moja. Kwa karani inacheka, kwa chef inanuna.

"Toa bon kwa session ya Joëlle," Mbusa alisema.

"Haina ruhusa. Ya Joëlle inaona na kufuta bon tu."

"Basi badilisha mot de passe, ile neno ya siri!"

"Ujumbe utaenda kwa simu ya patron, mwenye mali, kule Butembo. Unataka nimwamushe?"

Joëlle alisimama nyuma ya Isaïe, akitafuna ukucha.

Saa 3:10.

Ujuzi ulimponza. Mwezi uliopita alikuta tatizo kama hili kwenye mashine nyingine, na lilikuwa la ruhusa za faili. Basi akang'ang'ania ruhusa. Akazifungua, akazifunga, akaisimika upya programu nzima. Kisanduku. Alitamani kuipiga kompyuta ngumi. Jasho lilimtiririka hadi kwenye herufi za kibodi, na masikio yalimwaka kwa hasira, maana alijua kazi yake na kazi yake ilikuwa inamcheka.

"Ulisema dakika tano," Mbusa alisema. "Sasa iko makumi tano."

"Niachie nafasi!"

"Unapoteza wakati makusudi, Isaïe? Nani alikutuma?"

Mfuko wa nyaya ulikuwa wazi. Isaïe aliona chuma ndani.

"Naenda leta maji," Joëlle alisema. Akatoka.

Saa 3:31.

Hatimaye alifanya alilopaswa kulifanya mwanzo. Alilifungua folda lililofichwa, mahali programu huweka kumbukumbu za session, na maneno ya siri yote.

Lilikuwa tupu.

Halikuharibika. Halikufungwa. Halikuwemo. Alama iliyobaki ilisema: jana jioni, saa kumi na moja, flashi ya USB. Mtu alikuja kuchukua nakala, akakata badala ya kunakili.

Isaïe alimjua mwanamke mmoja tu wa kosa hilo. Alimfundisha yeye mwenyewe, jioni nyingi, bega kwa bega. Alipotaka kunakili picha, kila mara alibonyeza *couper*, iliyo juu, badala ya *copier*, iliyo chini, halafu akalia kwamba picha zimepotea. Isaïe alikuwa akimcheka.

Geti likalia.

Mbusa alikimbilia dirishani. Fuso lilikuwa linatoka. Polisi alitia bon mfukoni, akapunga mkono. Ruphin usukani, na kando yake, kitambaa cha kijani kichwani, Joëlle.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Kitako cha bastola kilimshukia Isaïe juu ya sikio. Damu ikadondoka kwenye meza.

"Bon walipata wapi? Sema!"

"Waliiba session jana. Walitoa kwa machine ingine."

"Iko barrière ingine mbele ya mto?"

Isaïe alijishika sikio. Kizuizi cha polisi kilikuwepo. Kule nako huangalia kodi.

"Session ya Joëlle inafuta, ulisema. Futa! Bora kakao irudi kwa patron, Ruphin asiikule. Futa, ao nitakuua hapa hapa."

Ilikuwa rahisi. Session ile ilifanya kazi barabara. Kubonyeza mara mbili, na polisi wa kizuizi wangemshusha Joëlle kwenye lori. Isaïe aliona akilini mikono ya Joëlle nyuma ya mgongo, imefungwa kamba.

Labda Ruphin alimlazimisha. Labda Joëlle alitaka kunakili tu, asimharibie. Alikosea tu, kama siku zote.

Isaïe akaingia session ya Papa Wenceslas. Akabonyeza.

*Profil introuvable ou inaccessible.*

"Unaona?" alisema. "Sasa machine yote imekufa."

Mbusa alisoma herufi kwa herufi. Session ile ilikuwa ya nani, hakuweza kutambua. "Jaribu tena!"

Akajaribu tena. Na tena. Saa nzima aliiomba ile mashine ifunguke. Sasa aliiomba isifunguke, na kwa mara ya kwanza siku ile ilimtii.

Saa 4:00.

Filimbi ya kumaliza salongo. Sauti ya Papa Wenceslas ikakaribia mlangoni. Mbusa alitoka kwa dirisha la mbele, bastola mkononi, akaangukia katikati ya mtaa mzima wenye majembe. Risasi moja ililia. Kisha zikasikika kelele za watu tu.

Isaïe alifungua session ya Joëlle. Fuso lingekuwa limefika mtoni. Alitaka kuona tu kwamba limevuka kizuizi.

Limevuka. Chini yake, mstari wa mwombaji wa bon: Isaïe Lifoli Bosenge. Namba ya simu yake. Namba ya carte d'électeur yake, kadi ya mpiga kura, ile aliyompa Joëlle akaandikishe ndoa yao kwenye ofisi ya komuni. Tarakimu zote kumi na moja, bila kosa hata moja.

Alizisoma mara mbili. Joëlle hakukosea popote, hata kwenye kukata: alikata makusudi.

Papa Wenceslas alisimama mlangoni, tope magotini. Nyuma yake polisi alikuwa ameshika ile karatasi ya bon.

"Mutoto yangu," mzee aliuliza, "machine ilikuwa na nini?"

Isaïe alifuta damu kwenye herufi kwa mkono wa shati.

"Hakuna kitu, Papa," alisema. "Machine iko muzima."