Tundu Kwenye Ratiba ya Zamu

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, nesi mkuu alikuta friji ya chanjo imeachwa wazi na chupa zote zimepata joto. Kwenye kompyuta, rekodi ilidai amezipokea yeye kutoka kwa mfamasia, Ijumaa saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Saa hiyo alikuwa kwake, akimwogesha mwanawe.

"Aliyeingia katumia jina lako na nywila yako," mganga mkuu alisema. "Saa sita nisipopata maelezo, unakabidhi funguo." Nesi akaziweka mezani papo hapo.

Fundi wa kompyuta alipoitwa, alishusha pumzi. "Fomu ile ile ya kuingilia! Nimekuandikia barua mbili, bosi. Ukijaza tu, nywila inakaa wazi kwenye anwani ya ukurasa."

"Barua baadaye. Nani anakaa karibu na kompyuta ya nesi?"

"Msinitazame mimi!" mpokezi aliruka. "Ijumaa saa tisa nilishaondoka. Muulizeni mlinzi." Daftari la mlinzi likamuunga mkono.

Fundi akamgeukia nesi. "Dada, ukishaingia unafanya nini kwanza?"

"Nachapa ratiba ya zamu. Nakala tatu: mapokezi, chumba cha sindano, duka la dawa."

Fundi akazikusanya. Chini ya kila karatasi, kwa herufi ndogo kama mchanga, mashine ilichapa anwani ya ukurasa, nywila na yote.

"Jamani, jamani!" nesi alisema.

Mbili zilikuwa zimebandikwa ukutani. Ya duka la dawa ilikuwa ndani ya faili, imetobolewa ukingo wa chini. Tundu moja lilikuwa limekula tarakimu ya mwisho ya nywila.

Fundi akafungua kumbukumbu za mtambo, ambazo nazo huhifadhi kila anwani ya ukurasa. Ijumaa jioni mtu alijaribu nywila ya nesi ikiishia na sifuri. Ikakataa. Moja, mbili, tatu, zikakataa. Nne, ikafunguka.

"Mwenye nywila hahesabu," alimwambia mfamasia, aliyekuwa amewafuata na faili lake. "Anayehesabu ni mwenye karatasi yenye tundu. Fomu iliyomwaga siri ya nesi imemwaga na yako."

Mfamasia akakaa. "Niliusahau mlango wa friji wazi tangu Ijumaa asubuhi; jioni chanjo zilikuwa zimeshaharibika. Nina onyo la mwisho, shemeji. Niliogopa."

"Na mimi je?" nesi alimuuliza mume wa mdogo wake. "Mwanangu angekula woga wako?"

Hakungoja jibu. Akachukua funguo zake mezani, akatoka kuwaeleza akina mama waliokuwa wakingoja na watoto wao.

Mganga mkuu akakohoa. "Fundi, zile barua..."

"Ziko hapo hapo, bosi. Chini ya kikombe chako."