Baba Mkwe Alichimba, Mimi Nikafukia

Arobaini ya mume wangu ilikuwa haijafika, nikamkuta baba mkwe anachimba kando ya ukuta wa nyumba yangu.

Nyie mnaosoma, simameni kidogo.

Haya kaeni. Nilitaka tu kujua kama mnamsikiliza bibi.

Ni mwaka tisini na nne, hapa Tukuyu, upande wa kushukia Kisondela. Biashara zimefunguliwa, kila mtu anataka kiwanja, kila mtu anataka bati. Shemeji yangu Obed, mdogo wa marehemu, akafyeka migomba yote ya mlimani juu ya nyumba yangu, akapima viwanja vinane, akauza.

Bwana ardhi alikuja, nilimsikia kwa masikio yangu.

"Bwana Obed, hapa hajengi mtu kabla ya mtaro. Futi tatu kwenda chini, kuanzia kiwanja cha kwanza mpaka mtoni. Maji ya mapaa manane ya bati siyo maji ya migomba."

"Utachimbwa, mheshimiwa."

"Lini?"

"Wenye viwanja wakishahamia."

Bwana ardhi akatikisa kichwa, akaandika kitu, akaenda zake. Nyumba zikasimama. Mtaro hakuna.

Na sasa mzee Ambindwile, baba yao hao wawili, anachimba kwangu... hatua moja kutoka ukutani.

Ningemuuliza? Wapi. Kwetu Wanyakyusa wa wakati ule, mkwe wa kike hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, na baba mkwe vilevile. Akimwona njiani anaingia kwenye migomba mpaka apite. Miaka kumi na tisa ya ndoa, mzee yule nilimjua kwa kikohozi. Neno likiwepo, linapitia kwa mtu wa katikati. Wa kwetu alikuwa Obed.

"Shemeji, mzee anachimba nini kwangu?"

Obed akashusha sauti.

"Msingi wa uzio. Anasema mwanawe hayupo tena, wewe urudi kwenu Ikuti. Nimembembeleza sana, shemeji..."

Niliumia, jamani. Mzee niliyemzalia wajukuu, niliyempikia ndizi miaka yote ile.

Nikaamua.

Asubuhi mzee anachimba. Mchana akienda kujinyoosha, natoka na jembe langu, nafukia. Nakanyaga vizuri, juu natupia vigogo vya migomba. Kesho anachimba tena. Nafukia tena. Mpita njia angesema tumeajiriwa na kichaa mmoja.

Jirani yangu Saada, muuza vitenge, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Tulinagwe, mwenzio ana miaka sabini. Mwonee huruma."

"Anihurumie yeye kwanza. Mjane ni mimi."

"Basi nitume mimi nikamuulize. Kwangu si mkwe."

"Acha, Saada. Nimeshajibiwa."

Ikaja Aprili. Mvua ya Tukuyu mnaijua, haipigi hodi. Siku hiyo ilianza alfajiri, na ilipofika saa nne maji ya viwanja vyote vinane yakashuka kwa pamoja, yamebeba udongo na mawe.

Nikachungulia dirishani. Mzee yumo shimoni, maji magotini, anazibua palepale nilipofukia jana yake. Na ukingo wa mlima ulio juu yake umeanza kupasuka.

Nikatoka mbio. Kwa mara ya kwanza maishani nikamwita baba, kwa Kinyakyusa chetu.

"Tata! Toka humo!"

Mtu mwingine angeruka akatoka. Mzee wangu aliposikia sauti ya mkwewe, akafanya alichofundishwa tangu ujana. Akanipa mgongo, akainama, akafunika uso... akangoja nipite.

Ukingo ukamwangukia.

Tulimfukua kwa mikono, mimi na Saada. Alikuwa hai. Hospitali wakasema mbavu, wakasema mapafu. Siku ya tatu akaagiza niitwe.

Niliingia macho sakafuni. Obed amesimama karibu na kitanda.

"Mwanangu," mzee akasema.

Hakuwahi kuniita kitu.

"Nilimtuma Obed akuambie. Mtaro ule ni wako. Yeye alikataa kuchimba, nikasema nitachimba mwenyewe, maji ya viwanja vyake yasije yakakuchukua wewe na wajukuu zangu."

Akavuta pumzi kwa shida.

"Sasa... kwa nini ulikuwa unafukia?"

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua tu.

Nikamtazama Obed. Obed anatazama viatu vyake. Kumbe alishapata mteja wa kiwanja cha tisa, na cha tisa ndicho hicho changu.

Nikarudisha macho sakafuni. Mzee akangoja. Jioni akafariki, bado anangoja.

Wajukuu mnaonunua viwanja siku hizi, ulizeni maji yatapita wapi kabla hamjauliza rangi ya bati. Na neno likikuchoma, lifuate kwa mwenyewe, hata kama mila inakwambia ugeuze uso.

Mimi niliishika mila. Nikamfukia mzee wangu kidogo kidogo, kila siku baada ya chakula cha mchana.